Onyesho la Mwisho la Mgeni wa Ganshoren

Sifa mwanangu,

Fwaap! Hivyo ndivyo ule ugali ulivyolia ulipoanguka. Ilikuwa sauti nzito, yenye unyevu, kama kitu kilicholala muda mrefu kimejibandua na kuamua kuishi. Nilikuwa nimetoka kazini, mtaa wa Jette, koti bado mwilini. Wewe ulikuwa bado mdogo, uko mwanzo wa sekondari, mwiko mkononi, na sufuria nzima imepinduka kwenye vigae vya jikoni. Nilifungua mdomo nikugombeze. Lakini hukuwa unaniangalia. Ulikuwa umeinamisha kichwa, unasikiliza.

“Maman, uliskia? On dirait kama kuko kintu inazaliwa.”

Nikaufunga mdomo. Tukauokota ule ugali, ukapanda kwenye kiti, ukauangusha tena. Uliuangusha mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Hata huko kugonga ukakurekodi kwa simu, ukasema hayo ndiyo yatakuwa mapigo ya moyo ya hilo dude linalozaliwa. Tulipokaa kula mkate mkavu na chai, maana chakula kilikuwa sakafuni, dude lilikuwa tayari na moyo, na tumbo, na jina. Tuliliita Mgeni, na filamu yetu ikaanza hapo.

Sasa hivi umekwenda kwa Tonton Déo, ami yako, Ganshoren, kumuaga. Najua atakushikilia mpaka amalize utani wake wote, kwa hiyo nina muda. Kesho utapanda treni pale kituo cha Midi kwenda Paris, na kutoka Paris kwenda Brest, mwisho wa nchi kavu, kusomea vijidudu vya baharini. Sitakuandikia habari za soksi, wala dawa, wala kupiga simu ukifika. Bibi yako ameshasema yote hayo kutoka Bukavu, na aliyoyasahau akina mama wa kwaya wameyakumbuka. Nataka kujibu kile ulichoniuliza Jumapili.

Mimi nilikuwa naosha vyombo, wewe unakausha. Ukasema, bila hata kuacha kufuta sahani:

“Maman, naweza kungojea mwaka moja. Université haitakimbia. Tumalize film kwanza. Bila miye hauna mwisho.”

Nami nikaangalia povu, nikakuambia unipitishie sufuria. Tangu hapo tumezungumza kila kitu isipokuwa hilo. Unanijua. Nikiguswa penyewe, nakuwa mkali au nakuwa kimya, na vyote viwili huonekana kama sikusikia. Nilisikia. Sikulala vizuri kwa sababu ya kusikia.

Ulisema kweli. Filamu ilikuwa imebakiza onyesho moja tu, la mwisho, na onyesho hilo ni lako. Mvua, zamu zangu, na mgongo wa Tonton vilikula kiangazi chote, tukajikuta tumefika kwenye kufunga masanduku kabla ya kulirekodi. Basi mambo yalikuwa mawili: uende, kazi yetu ya miaka yote ibaki bila mkia, au ukae. Na mimi, Sifa, nilitaka ukae. Nilitaka kwa nguvu. Nilisema moyoni kwamba ni kwa ajili ya filamu.

Kuna jambo sijawahi kukueleza vizuri kuhusu mwanzo wake. Nilipofika nchi hii nilikuwa msichana, na wewe ulikuja muda mfupi baadaye. Nilitamani shule ya sinema. Nilichagua maabara, kwa sababu damu za watu zitahitaji kupimwa daima, na mtoto anahitaji maziwa daima. Sijutii. Darubini ilinifundisha kutazama kitu kidogo kwa muda mrefu bila kuchoka, na hicho ndicho kipaji pekee nilichonacho. Lakini ile tamaa haikuondoka. Baada ya siku ya ugali nilijifungia chumbani miezi mingi nikiandika. Hukuruhusiwa kusoma. Tonton hakuruhusiwa kuuliza. Nilipomaliza nikakupa, nikakaa mbele yako nimekunja mikono kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo.

Uliisoma yote, maskini. Mwanamke anatazama mvua kupitia dirisha. Mgeni kutoka anga anatazama mvua kupitia dirisha jingine. Hawakutani.

“Ni muzuri, Maman,” ukasema. “Mais nani anakufa?”

“Hakuna.”

“Alors nani anacheka?”

“Hakuna, Sifa. Ni filamu ya mawazo.”

“Ah bon.” Ukageuza karatasi ya mwisho, ukaikagua nyuma. “Na mu cinéma batu banaweza kulala?”

Nilikasirika, nikaenda kujifungia bafuni. Nikiwa mle nikasikia unacheka peke yako, unajaribu kujizuia, unashindwa. Kicheko chako kikanipata na mimi, nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa beseni na taulo mdomoni nisisikike. Nilikuwa nimeamini kwamba mtu mwenye akili lazima ahuzunike kwa maandishi. Nilikuwa nimesahau tunakotoka, ambako watu hutaniana hata wakiwa wamebeba jeneza. Tukaandika upya mezani, wawili, tukigombania kalamu.

Nimeisimulia hadithi hiyo kazini mara nyingi siku hizi, na inakubalika haraka. Mgeni anatua Ganshoren kwa nia ya kula watu. Mlango wa kwanza anaogonga ni wa familia ya Kivu. Hakuna anayemuuliza yeye ni nani, maana kila mmoja anadhani ni ndugu wa upande wa mwenzake. Anapewa kiti, anapewa sahani. Kila anapojaribu kumvizia mtu mmoja, mwingine anaingia kusalimia, na salamu za watu wetu unazijua. Anafaulu kummeza mmoja tu, Tonton Déo, tena kwa sababu alikuwa amesimama peke yake kwenye korido akitafuta mtandao. Katika nyumba nzima ni msichana mmoja tu anayeona kwamba huyu si mtu. Tulimwachia jina lako mwenyewe.

Chombo cha anga hatukuhitaji kukijenga. Kuba la Basilika, lile la kijani, limekaa juu ya Koekelberg kama kitu kilichotua na kusahau kuondoka. Wakatoliki walikuwa wametujengea bure. Mgeni mwenyewe alikuwa godoro la sponji lililopakwa rangi, vichujio viwili vya chai kwa macho, na glavu za kuoshea vyombo, na ndani yake Tonton, ambaye alikuwa akicheza aliyemezwa na aliyemeza. Tulirekodi kwa simu, Jumamosi nilizokuwa huru. Kwa kuwa Jumamosi hizo zilikuwa chache, wewe ulikuwa unakua katikati ya sentensi. Unafungua mlango wa sebule ukiwa mfupi, unatokea sebuleni umenipita kimo. Nililia machozi ya kweli nilipoona. Ni wewe uliyeandika lile neno la Maman Astrid wa kwaya kwenye filamu: “Huyu mugeni njo analeta baraka, angalieni vile mutoto anakomaa!” Watu wakiliona hawaamini kwamba halikupangwa.

Lakini niliyojifunza zaidi ni siku ya kilio.

Mtu akishamezwa, lazima aombolezwe, kwa hiyo tulikodi ukumbi Jette kupiga onyesho la msiba. Niliweka picha ya Tonton amevaa suti yake ya harusi, mshumaa, maua. Akina mama wa kwaya walikuja na nguo nyeusi, wamependeza kupita kiasi. Nilikataza simu. Maman Astrid alikubali kwa kichwa, kisha akaenda kujipiga picha pembeni ya ile picha, kwa sababu gauni lilikuwa jipya, akaiweka kwenye statut yake ya WhatsApp. Hakuandika kitu. Aliweka mshumaa na uso unaolia. Basi.

Saa chache baadaye wakaingia wazee wawili wenye tai nyeusi. Walipita mstari mzima wakishika mikono, vichwa chini, wakakaa. Nikadhani Maman Astrid ameniletea waigizaji wa ziada. Nikashukuru moyoni. Wakaja wengine, na wengine, na sufuria za sombe, kisamvu chetu, zimefungwa kwa vitambaa, na makayabu, wale samaki wa chumvi, na mikate ya mafuta. Nikakunong’oneza, na wewe umeshika simu ukirekodi: “Hawa watu wana kipaji!” Nilikwenda hata kwa Papa Gaspard, mzee wa watu, ambaye sikumjua wakati ule. Nikainama nikamwambia:

“Papa, samahani. Unaweza kulia tena, lakini ukiangalia dirisha?”

Alinitazama kwa huruma kubwa.

“Pole, mwanangu. Uchungu inaingiaka batu mu kichwa.”

Akageuka, akalia akiangalia dirisha. Mwanga ulikuwa mzuri ajabu.

Kisha akaingia Maman Vumilia kutoka Liège. Mimi nilijua tu kwamba Tonton ana binamu ambaye hawasemezani tangu harusi fulani, ambako huyo binamu alikalishwa meza ya nyuma akanuna. Aliingia bila kushika mkono wa mtu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye picha, akapiga magoti, akapaza sauti.

“Déo! Déo yangu! Unaenda na sikukuomba pardon! Ju ya meza, Déo! Ju ya meza tu!”

Hapo ndipo nilipoelewa: ile picha ya WhatsApp ilikuwa imemuua Tonton kweli. Tonton alikuwa amekaa hatua chache kutoka pale, ndani ya godoro lake, sahani mapajani, kama Mgeni anavyotakiwa kukaa katika onyesho hilo. Na kutoka ndani ya sponji ikasikika sauti ya marehemu:

“Vumi, nilishakusamehe. Mais iko moto sana humu ndani.”

Unakumbuka jinsi alivyogeuka? Polepole, kama mlango mzito. Akaona vichujio viwili vya chai vinamtazama. Mkono wake ukaenda kwenye sufuria iliyokuwa karibu, ukachukua mfuniko.

“Kwa jina ya Yesu!” Paa! “Toka! Toka mu mwili ya ndugu yangu!” Paa!

Kwaya nzima ikasimama na kuanza kuomba kwa sauti. Tonton akakimbia katikati ya viti akipiga kelele, “Ni sponji! Bamaman, ni sponji!” na Maman Vumilia nyuma yake na mfuniko, na mkia wa Mgeni ukibaki mikononi mwa Papa Gaspard, ambaye hakujua aushike au autupe.

Mimi nilijifunika uso kwa karatasi za hadithi. Ndivyo nilivyofanya, mwongozaji wa filamu. Nilipochungulia nikakuona unarudi nyuma hatua kwa hatua, simu imetulia mikononi mwako, unawafuata wote kwa jicho moja bila kupoteza hata mmoja. Hukucheka wala hukuogopa. Ulikuwa unatazama. Nikajua siku hiyo kwamba una kipaji changu, na kwamba kwako hakijachanganyika na woga.

Tonton alipovua kichwa, jasho likimtiririka, kwaya iliacha kuomba. Maman Vumilia alimwangalia, akampiga mara moja zaidi, taratibu, akamkumbatia godoro na yote. Papa Gaspard akasimama, amekunja uso, na mimi nikajiandaa kwa maneno makali.

“Déo,” akasema, “siye tulishakulilia, na tulikulilia muzuri. Ile siku utakufa ya kweli, usitungojee. Hatukuyi tena.”

Ukumbi ulipasuka. Tulikula kile chakula cha msiba kama watu wa harusi. Tonton na Maman Vumilia walikaa meza moja, mbele kabisa, wakigombana kuhusu nani alianza kununa. Kabla ya kuondoka Maman Vumilia alinijia, akanishika mkono akaniambia, “Maman Sifa, mu ile film yako, nitaonekana wapi tena?”

Nilitaka kufuta kila kitu tulichopiga siku hiyo. Niliona ni aibu, kwamba tumewaibia watu machozi. Wewe ulikataa. “Usi-effacer, Maman. Waulize kwanza.” Ukanilazimisha nizunguke mtu kwa mtu, mimi ambaye hata kumwomba jirani chumvi kunanitoa jasho. Wote walikubali. Papa Gaspard alitaka tu kujua kama upande wake mzuri ndio uliotokea.

Nimefikiri sana kuhusu siku hiyo, na nikifikiri namaliza mahali palepale. Kama watu wangejua kwamba natengeneza filamu, nani angelia? Nje ya kwaya hakuna aliyejua, kwa sababu niliificha. Niliona haya, mtu wa maabara na elimu yake anashona macho ya dude kwa vichujio vya chai. Nilikuwa nasubiri imalizike, ipendeze, ndipo niseme. Kumbe walikuwepo tayari, umbali wa treni moja, na sufuria zao. Huko Brest utapenda kitu kidogo ambacho wengine hawakioni. Mweleze mtu kabla hakijawa kizuri. Mimi nilichelewa sana, na bado nilipewa chakula.

Sasa nije kwenye mwisho.

Wiki hii nililisoma tena onyesho lako, kama ninavyosoma kipimo ambacho majibu yake hayaniridhishi. Unalikumbuka: Mgeni ameshindwa kula watu, amechoka, anataka kwenda kwao. Msichana anamsindikiza hadi kwenye chombo, anafunga mlango, anabaki amesimama peke yake kwenye bustani, Basilika nyuma yake, anatazama juu. Nilikuwa najivunia picha hiyo. Ni mabaki pekee ya filamu yangu ya mvua na madirisha. Jumatatu, kwenye mapumziko ya kazi, nilijiuliza kwa nini naipenda hivyo, na jibu halikunifurahisha. Nilikuandikia mwisho ambao kila mtu anaondoka na wewe unabaki mlangoni. Niliuandika miaka mingi iliyopita, kabla hujataja Brest hata mara moja. Kalamu yangu ilikuwa imeshaamua kwa niaba yako, na mimi nikaiita sanaa.

Jumatano, ulipokwenda mtaa wa Matonge kusuka nywele, nilimpigia Tonton. Akampigia Maman Vumilia, naye akapanda treni bila kuuliza la ziada. Nilijua utakaa kwenye kiti cha msusi mchana kutwa. Tulikutana kwenye bustani mbele ya Basilika, jua limetoka kana kwamba tumeliita. Nilikuwa nimeandika mistari michache tu kwenye mkono wangu kwa kalamu ya wino. Mgeni anatembea kuelekea chombo. Maman Vumilia anamkimbilia nyuma na sufuria, anahema.

“Weye! Unaenda tumbo bule? Angalia vile alikonda!” Anatazama huku na huku. “Na ule mutoto? Sifa iko wapi?”

“Alienda kusoma,” anasema Mgeni. Ni neno la kwanza nililomwandikia katika filamu nzima.

“Ah bon? Mbali?”

“Mbali.”

“Vizuri. Mungu amusaidie.” Anaigeukia njia. Hilo sikuliandika, lilikuwa lake. Aliiangalia kama mtu anayekuona kabisa ukienda, kisha akajifuta pua na kitenge. “Bon. Miye siwezi kukuacha vile. Sogea.” Akapanda ngazi za Basilika, ndicho chombo chetu, na sufuria yake, akamsukuma Mgeni pembeni apate nafasi, na Mgeni akakubali, maana miaka yote hii hajawahi kushinda ubishi hata mmoja na akina mama wa kwetu.

Watu waliokuwa wamekaa kwenye nyasi walipiga makofi. Mbwa wa mtu alikimbia na glavu moja. Nilicheka mpaka simu ikatikisika, na utaona mtikisiko huo, nimeuacha.

Jana asubuhi niliunganisha vipande vyote. Niliitazama filamu mara moja tu, mwanzo hadi mwisho, peke yangu sebuleni. Upo ndani yake kuanzia mfupi hadi mrefu, na pale unapotoweka hakuna pengo. Kuna mtu anauliza uko wapi, na kuna jibu.

Kwa hiyo huna cha kungojea hapa, mwanangu. Ule mwisho wa zamani nimeufuta, karatasi na yote. Jana mchana niliituma filamu kwenye tamasha la filamu, na kwenye nafasi ya jina la mtengenezaji niliandika la kwako na la kwangu. Imepokelewa. Siwezi kuirudisha tena.

Mama yako